Blanki chafu na mashine isiyoona: utatuzi wa matatizo unapopima mabaki ya viuatilifu kwenye maji ya mito na visima vya Tanga

Kila mvua zikianza maswali huwa ni yale yale. "Blanki yangu ina sumu." "Wakulima wamepuliza wiki nzima, mashine haioni kitu." "Nilitia mikrogramu moja, nimepata robo." Kazi yangu ni kuchota maji na kuandaa sampuli hapa Tanga, na niliyoyaandika hapa ni majibu ninayoyatoa mara kwa mara, kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe: chupa kwanza, katriji (kibomba kidogo kinachonasa dawa maji yakipita, kisha dawa hutolewa humo kwa kiyeyushi) baadaye, mashine (kromatografia, inayotenganisha kemikali na kuzionyesha moja moja) mwisho. Wengi huanza na mashine kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo inayotisha. Mara nyingi kosa limeshafanyika mtoni au garini, mashine hata haijawashwa.

Kwanza elewa udogo wa kitu unachokitafuta. Ulaya, kiuatilifu kimoja hakiruhusiwi kuzidi mikrogramu 0.1 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyote kwa jumla visizidi 0.5. Shirika la Afya Duniani huangalia kila kemikali na hatari yake: DDT ni mikrogramu 1 kwa lita, lindani 2, klopirifosi 30, aldrini na dieldrini kwa pamoja 0.03. Sasa chukua dawa ya klopirifosi yenye gramu 480 kwa lita. Kifuniko kimoja cha mililita 10 kina gramu 4.8. Hizo zikisambaa sawasawa, zinatosha kufikisha lita milioni 48 za maji kwenye mikrogramu 0.1. Mkono ulioshika kifuniko hicho asubuhi usije ukafungua chupa yako mchana.

DALILI: Blanki inatoa vilele vya viuatilifu

Blanki ni maji safi yaliyopitia njia yote ambayo sampuli imepita; kilele ni mchoro unaopanda mashine ikiona kemikali. Ikiwa chafu, simamisha kila kitu. Usitoe namba ya blanki kwenye namba ya sampuli ukadhani umesahihisha. Uchafu haugawanyiki sawa kwa kila chupa.

Sababu inayoongoza kwa watu wa safari ni dawa ya mbu. Niliwahi kulala nyumba ya wageni njia ya Korogwe, katriji zangu nimeziacha mezani, mfuko wake wazi. Nikatoka kutafuta chai. Mhudumu, kwa wema wake, akapuliza chumba ili nisiumwe na mbu. Nikarudi, nikasikia harufu, nikafungua dirisha, nikalala. Wiki mbili baadaye kila blanki ya safari ile ikatoka na permethrini, ile ya dawa ya mbu, na sampuli zote kumi na mbili zikatupwa. Tangu siku ile katriji zinalala ndani ya kopo la bati, zimefungwa karatasi ya alumini, na mlangoni naomba kabisa chumba changu kisipulizwe.

Inayofuata ni mikono na gari. Gari lililobeba mabomba ya kupulizia au mifuko ya mbolea na dawa halifai kubeba chupa zako, hata likipigwa maji. Wala usimtume mkulima akuchotee, hata akiwa rafiki.

Halafu chupa. Sabuni na kitambaa havitoshi. Suuza kwa asetoni kisha heksani, au choma vioo kwenye tanuri la nyuzi 400 kwa saa nne. Usichome vile vya kupimia ujazo, vinaharibika vipimo. Kifuniko kiwe na tefloni kwa ndani. Mpira mtupu unatoa vyake na unanyonya vyako.

Kiyeyushi chenyewe kinaweza kuwa kichafu, hasa chupa iliyokaa wazi. Na mwisho kabisa mashine, inapobakiza kumbukumbu ya stendadi (myeyusho wenye kiasi cha dawa kinachojulikana) kali iliyopita.

Kutenganisha chanzo ni rahisi ukifuata hatua. Ingiza heksani tupu kwenye mashine: ikitoa kilele, tatizo ni mashine au hiyo heksani. Ikiwa safi, punguza mililita 50 za kiyeyushi chako hadi 1, uingize. Ikiwa safi pia, pitisha maji safi kwenye katriji pale maabara. Ukifika hapo hujaona kitu, basi uchafu uliupata njiani, na hakuna fundi wa mashine atakayekusaidia.

DALILI: Dawa zinapulizwa, lakini mashine inasema haikuonekana

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi zaidi, kwa sababu mwenye shamba hulishika jibu la "haikuonekana" akalisoma "haimo".

Mara nyingi umechelewa kuchota. Dawa nyingi huingia mtoni kwa mkupuo, na mvua kubwa ya kwanza baada ya kupuliza, kisha mto unasafika. Nilikuwa kwenye kingo za Lwengera siku ya jua, maji yametulia, nikamkuta mzee anafua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo tena na vichupa?"

Nikamwambia natafuta dawa za mashambani. Akacheka. "Dawa ilipita juzi usiku, ilishuka na lile tope. Leo unachota maji ya kuogea."

Alisema kweli. Masika na vuli, panga kuchota ndani ya saa chache tangu mvua ianze kushuka mtoni, na uchote mara kadhaa maji yakiwa yanapanda na yakiwa yanashuka. Kwa vijito vya bustani za mboga za Lushoto vinavyoporomoka kuelekea Mombo, dirisha hilo ni fupi kweli. Bwawa la Mabayani, linalopokea maji ya Sigi na kuihudumia Tanga mjini, lina subira zaidi kwa sababu maji yanakaa. Visima vya mawe ya chokaa upande wa Amboni navyo vina tabia yao: maji yanapita kwenye nyufa, kwa hiyo kisima kinaweza kubadilika baada ya mvua karibu kama mto. Usikipime mara moja wakati wa kiangazi ukakitangaza salama.

Sababu ya pili: kemikali haimo kwenye orodha ya kipimo. Uliza dukani wanauza nini kabla hujaandika fomu ya maabara. Glaifoseti haipiti kwenye kromatografia ya gesi ilivyo. Inataka njia yake. Imidaklopridi inataka kromatografia ya kimiminika yenye spektrometa ya masi (kifaa kinachotambua kemikali kwa uzito wa vipande vyake). Mankozebu, ile poda ya njano ya nyanya na viazi, kwa kawaida hupimwa kwa kuivunja na kupima gesi inayotoka. Ukiomba "viuatilifu vyote" ukapewa kipimo cha viuatilifu vya klorini, umelipia kutafuta dawa za enzi za babu kwenye shamba linalotumia dawa za leo.

Ya tatu: kemikali imebaki kwenye chupa. DDT na ndugu zake hawapendi maji, hung'ang'ania ukuta wa kioo na matope. Ukishamaliza kumimina sampuli, suuza chupa ile ile kwa kiyeyushi unachotolea, na kiyeyushi hicho kipitie kwenye katriji. Kwa parakwati njia ni nyingine: nayo inang'ang'ania kioo, ila yenyewe huchotwa kwa chupa ya plastiki. Na usisuuze chupa kwa maji ya mto kabla ya kujaza, kama tulivyozoea kwenye vipimo vingine. Utaacha ukutani dawa ya maji uliyoyamwaga, kisha uihesabu kana kwamba imetoka kwenye lita uliyoibakiza.

Ya nne: imevunjika njiani. Sampuli inataka chupa ya kahawia, nyuzi 4, na itolewe kwenye maji ndani ya siku 7. Mtoleo, yaani kiyeyushi kilichobeba dawa zilizotolewa, ukishapatikana unaweza kungoja hadi siku 40 kwenye baridi. Malathioni kwenye maji yenye pH (kipimo cha uasidi) ya juu huyeyuka kama chumvi mkononi, kwa hiyo pima pH pale pale mtoni, uiandike. Ukichota upande wa maji yaliyokwisha kutiwa klorini, weka sodiamu thayosalfeti kwenye chupa kabla, la sivyo klorini itaendelea kula dawa hadi maabara.

Kuhusu barafu: ile ya wavuvi inafaa, ni rahisi na inapatikana alfajiri. Ila inayeyuka, maji yake yana chumvi na magamba, na wino wa lebo unakimbia. Nimewahi kufungua boksi nikakuta chupa nane zenye madoa ya bluu, hakuna iliyosomeka. Andika kwa penseli, funika lebo kwa seloteipu, na barafu ikae ndani ya mfuko wake uliofungwa.

Ukishapita yote hayo ndipo uulize kikomo cha mashine. Jibu la "haikuonekana" lisiloandikwa kikomo chake ni karatasi tu. Mashine inayoanza kuona kwenye mikrogramu 1 kwa lita haiwezi kusema lolote kuhusu 0.1.

DALILI: Kemikali shahidi inarudi pungufu

Kemikali shahidi unaitia wewe, kiasi unachokijua, kwenye kila sampuli kabla ya kuanza. Isiwe kitu kinachopatikana mtoni. Kwa viuatilifu vya klorini hutumika tetrakloro-m-zaileni na dekaklorobifenili, na raha ya kuwa na hao wawili ni kwamba mmoja mwepesi, mwingine mzito. Wengi hukubali asilimia 70 hadi 120. Chini ya hapo, waache mashahidi waseme:

Mwepesi kapungua, mzito yuko sawa: umempoteza hewani. Umepuliza naitrojeni kwa nguvu, beseni la maji limezidi nyuzi 40, au umeacha mtoleo ukakauka kabisa. Naitrojeni iguse tu uso wa kiyeyushi, uone kishimo kidogo, isirushe matone. Tia matone machache ya isooktani yabaki yamemshikilia.

Mzito kapungua, mwepesi yuko sawa: kabaki kwenye kioo au kwenye tope. Rudi kwenye kusuuza chupa.

Wote wamepungua: katriji. Hapa kosa kubwa ni moja, kuiacha ikauke katikati ya kazi. Unapitisha methanoli, unapitisha maji safi, na tangu hapo hewa isiingie hadi sampuli ianze kupita. Simu ikilia, iache ilie. Ikikauka, rudia methanoli na maji, hakuna hasara. Kosa la pili ni haraka: mililita 5 hadi 10 kwa dakika zinatosha, na anayefungua pampu hadi mwisho ili awahi daladala anasukuma dawa zinapita bila kushikwa. La tatu ni maji kubaki ndani ya katriji kabla ya kutoa; ikaushe kwa pampu dakika 20 hadi 30. Pwani yetu ina unyevu, hivyo ongeza muda kuliko kitabu kinavyosema. Na ile sodiamu salfeti ya kukaushia mtoleo, ukiiacha wazi mezani hapa Tanga, asubuhi utaikuta imeshikana kama sukari ya mvua. Ichome upya, uifungie.

Wote wamepungua na katriji haina kosa: angalia kama aliyetia shahidi alikuwa yule yule. Nimeshuhudia sindano ya mikrolita 10 ikitumika badala ya 100. Fundi aliitwa, akalipwa, akaondoka, mashine haikuwa na tatizo lolote.

DALILI: Maji hayapiti, katriji imeziba

Hili ni tatizo la masika. Lita moja ya mto uliojaa inaweza kukaa kwenye katriji kutwa. Weka pamba ya kioo juu yake, au chuja kwanza kwa karatasi ya nyuzi za kioo. Lakini usitupe karatasi: sehemu kubwa ya DDT na dawa zinazofanana nayo imepanda juu ya hilo tope. Itoe peke yake kwa kiyeyushi, uripoti namba mbili, au uziunganishe na uandike wazi kuwa ni maji yote pamoja na tope. Ukishindwa, tumia nusu lita na ukubali kikomo chako kimepanda maradufu.

DALILI: DDT inashuka, DDD na DDE zinapanda

DDD na DDE ni mabaki ya DDT iliyovunjika. Kabla hujaandika kuwa DDT ya mtoni ni ya zamani, shuku mlango wa sindano wa mashine, pale sampuli inapoingizwa. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliibakizia DDT kazi ya kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa tu, na watu husoma uwiano wa DDT na DDE kujua kama imemwagwa karibuni au imekaa ardhini miaka. Mlango mchafu unaivunja DDT mpya mbele ya macho yako, na ripoti yako inamsafisha mtu.

Ingiza stendadi ya DDT peke yake. Jumlisha vilele vya DDD na DDE, gawanya kwa jumla ya vyote vitatu. Ikizidi asilimia 15, acha kupima. Badilisha septa (kizibo kinachotobolewa na sindano), badilisha laina (mrija wa kioo ulio ndani ya mlango) na pamba yake, halafu ukate sentimita 20 hadi 30 za mwanzo wa kolamu (mrija mrefu mwembamba unaotenganisha kemikali). Fanya vivyo hivyo kwa endrini, kiuatilifu kingine cha klorini, ambayo ni nyepesi zaidi kukasirika. Sampuli za matope ndizo zinazochafua mlango haraka. Ziweke mwisho wa foleni.

Kubadilisha laina na septa ni kazi yako, mashine ikiwa imepoa. Kigunduzi cha kunasa elektroni, ECD kama tunavyokiita, usikifungue kamwe. Ndani yake mara nyingi kuna nikeli-63, chanzo cha mionzi, na nusu-maisha yake ni kama miaka 100. Kikichafuka au kikipata hitilafu, piga simu kwa fundi mwenye kibali, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ijulishwe kinapohamishwa. Vivyo hivyo usifungue spektrometa ya masi iliyowashwa, ina umeme mkali. Ukisikia gesi inavuja, zima, fungua madirisha, toka nje.

DALILI: Vilele ni vingi, havijulikani

ECD inapenda kila chenye klorini na vingine visivyo nayo. Mshukiwa wa kwanza ni plastiki: mipira, glavu, vifuniko, hutoa thaleti (kemikali za kulainisha plastiki) zinazokaa mahali pa viuatilifu. Badilisha plastiki kwa kioo na tefloni, kisha angalia tena.

Ukichota karibu na mikoko, mshukiwa wa pili ni salfa, ile ya tope jeusi linalonuka yai bovu. Inatoa kilele kipana kinachofunika vya mwanzo. Tikisa mtoleo na unga wa shaba safi; shaba ikigeuka nyeusi salfa ilikuwepo, ongeza hadi isigeuke tena.

Kilele kimoja kwenye kolamu moja hakijathibitisha kitu. Kirudie kwenye kolamu ya aina nyingine, au kwenye spektrometa ya masi, ambapo uwiano wa ioni usitofautiane na wa stendadi kwa zaidi ya asilimia 30. Jina la kemikali lisitoke nje ya chumba kabla ya hapo. Kijiji kikishasikia "kuna endosalfani kisimani", huwezi kuwarudia ukawaambia ilikuwa glavu.

DALILI: Unapata zaidi ya ulichotia

Kwanza angalia ujazo: mtoleo uliodhani ni mililita 1 umebaki 0.7 kwa sababu kifuniko hakikukaza na chumba ni cha joto. Pili, uchafu wa sampuli unalinda dawa ndani ya mlango wa sindano, ikafika nyingi kuliko stendadi iliyo kwenye heksani safi. Andaa stendadi ndani ya mtoleo wa maji ya mto usio na dawa. Kwenye kromatografia ya kimiminika uchafu kwa kawaida hufanya kinyume, unazima ishara, na chumvi ya maji ya mlango wa Pangani inazidisha. Osha katriji kwa maji safi kabla ya kuikausha.

DALILI: Maabara mbili, majibu mawili

Soma vipimo kabla ya kugombana. Miligramu kwa lita na mikrogramu kwa lita zinatofautiana mara elfu moja, na herufi moja ikipotea kwenye kuchapa inatosha. Halafu uliza kama mmoja amechuja na mwingine hajachuja, na kama "DDT" ya mmoja ni jumla pamoja na DDE.

WAKATI WA KUACHA KABISA

Ukifika mtoni ukakuta samaki wanaelea, au mtu ana kizunguzungu, mate yanamtoka na mboni zimekuwa ndogo, wewe si mpimaji tena. Mtu huyo aende hospitali mara moja, na kopo la dawa liende naye likiwa na lebo yake, limefungwa kwenye mfuko. Zuia watu na mifugo kunywa. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Usiokote samaki kwa mkono mtupu.

Kama kesi itafika mahakamani, chupa zako za kawaida hazitasaidia. Inatakiwa sampuli iliyofungwa kwa lakiri, yenye maandishi ya nani kaishika saa ngapi, na hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Masuala ya dawa yenyewe, kama imesajiliwa au ni ya magendo, yana Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake Arusha. Ukiwa peke yako na mto unakimbia, jaza chupa mbili za ziada, zifunge, andika saa na pH kwa penseli, uziweke kwenye barafu bila kuzifungua tena hadi aje mwenye mamlaka ya kuzipokea.